Asiye na Ajira Si Mvivu: Tafakuri Juu ya Fao la Upotevu wa Ajira

Kila muhula ninapofika kwenye mada ya hifadhi ya jamii, kuna hoja moja isiyokosa kuinuliwa darasani: kwamba mtu asiye na kazi akipewa fedha, hatatafuta kazi tena. Nimeisikia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nimeisikia kwa watumishi wa umma wanaosoma jioni, na nimeisikia, kwa sauti ya uhakika zaidi, kwa wakubwa ambao mishahara yao haijapata kuchelewa hata siku tatu. Hilo halinishangazi. Kinachonishangaza, na ambacho ndicho kimenisukuma kuandika, ni kwamba hoja hiyo hiyo naisikia pia kwa watu wasio na ajira wenyewe. Wanaisema juu ya wenzao, na wakati mwingine juu ya nafsi zao.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina neno kazi na kina neno ajira, na mtu makini hayachanganyi. Muulize kijana wa Mbagala au wa Ilemela aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita kama ana kazi. Ni nadra akujibu "sina". Atakwambia anapambana, anajishughulisha, yuko kwenye mishemishe, au kuna mahali anasikilizia. (Wasomaji wangu wanaolinda usanifu wa lugha wanisamehe, maneno haya ndiyo yanayobeba ukweli.) Naye hasemi uongo. Asubuhi anamsaidia shangazi yake kufungua genge, mchana anamchapia mtu ripoti, jioni anashika pikipiki ya rafiki yake kwa saa mbili tatu. Anachokosa ni ajira: mkataba, mshahara unaojulikana tarehe yake, na jina lake kwenye orodha ya michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Lakini akilitamka neno "sina kazi" mbele ya wazee, anaona amejivua utu wake hadharani.

Aibu hiyo ina historia. Taifa letu lilijengwa juu ya kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, Mwalimu Nyerere aliitumia methali ya mgeni wa siku mbili ambaye siku ya tatu hupewa jembe, akaonesha kwamba jamii ya jadi haikuwa na nafasi ya mtu anayeishi kwa jasho la wengine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaifanya kazi kuwa wajibu wa kila mwenye uwezo wa kuifanya, na neno kupe likapata maana yake ya kisiasa. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, na watu ambao hawakuweza kuthibitisha shughuli zao katika mitaa ya Dar es Salaam wakakamatwa na kurudishwa vijijini. Miongo mitatu baadaye tukaja na Hapa Kazi Tu. Vizazi vitatu vya Watanzania vimefundishwa kwamba mtu asiyeonekana kazini ana kesi ya kujibu.

Siibezi falsafa hiyo. Katika nchi ya wakulima, ambamo ardhi ilikuwapo na mvua ilinyesha, lilikuwa jambo la haki kumuuliza mwenye nguvu kwa nini halimi. Lakini tuisome methali yenyewe kwa utulivu. Mgeni anapewa jembe. Haambiwi akalitafute mjini kwa kutuma barua sabini za maombi. Wajibu wa kwanza katika methali ile ni wa mwenyeji, na wa mgeni unakuja wa pili. Sisi tumeushika wajibu wa mgeni tukausahau wa mwenyeji.

Sasa tuiangalie sheria, kwa kuwa wengi wanaoijadili hawajaisoma.

Kwa miaka mingi mwanachama wa mfuko wa pensheni aliyeacha au kuachishwa kazi aliweza kuchukua michango yake yote na kuondoka. Hilo liliitwa fao la kujitoa. Mwaka 2012 Bunge lilirekebisha sheria za hifadhi ya jamii na kulifuta fao hilo, na hasira iliyofuata, hasa miongoni mwa wafanyakazi wa migodini, iliifanya serikali ilegeze msimamo. Mwaka 2018 jambo hilo likarudi kwa sura nyingine. Mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi, na mahali pa fao la kujitoa likawekwa fao la upotevu wa ajira. Wengi wanaukumbuka mwaka ule kwa sababu ya kikokotoo cha wastaafu, ambacho kilizua kelele hadi Rais akakisitisha mwezi Desemba. Kelele za kikokotoo zililifunika fao hili la wasio na ajira, ingawa ndilo linalowagusa vijana zaidi.

Masharti yake ni haya. Uwe raia wa Tanzania, uwe chini ya miaka 55, uwe umechangia angalau miezi 18, usiwe umeacha kazi kwa hiari yako, na uthibitishe kwamba hujapata ajira nyingine. Ukitimiza hayo utalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa kwa mkupuo nusu ya michango yake. Na aliyekaa miezi 18 bila ajira anaweza kuomba michango yake ihamishiwe kwenye skimu ya hiari.

Chukua mfano wa mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 600,000 aliyefanya kazi miaka mitano. Mchango wake na wa mwajiri kwa pamoja ni asilimia 20, yaani shilingi 120,000 kwa mwezi, na kwa miezi 60 ni shilingi 7,200,000. Kazi inakoma. Fao lake ni shilingi 199,800 kwa mwezi, na kwa miezi sita yote ni shilingi 1,198,800. Mwezi wa saba hakuna kitu. Milioni saba anazijua, amezisoma kwenye taarifa ya michango katika simu yake, lakini kati yake na fedha hizo kuna miaka ishirini au thelathini. Ninawaomba watunga sera wakae na hesabu hii kidogo kabla ya kuhitimisha kwamba wananchi hawaielewi hifadhi ya jamii. Wanaielewa vizuri sana, na ndiyo maana wamekasirika.

Nina jirani ambaye kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa fundi wa nondo katika miradi mikubwa ya ujenzi. Maisha yake ni ya mikataba: miaka miwili kwenye barabara, miezi kumi na minne kwenye daraja, kisha miezi kadhaa ya kukaa nyumbani hadi mradi mwingine uanze. Nilimuuliza anaionaje posho hii ya miezi sita. Alinijibu kwa heshima, kama mtu anayemweleza mwalimu jambo ambalo mwalimu alipaswa kulijua. "Mwalimu, ile hela inanifanya niwe mtu wa kusubiri. Mimi sijazoea kusubiri. Wangenipa changu chote, ningenunua mashine ya kukunja nondo, leo ningekuwa nimewaajiri vijana wawili." Nikamuuliza, je, mashine ikiharibika, au biashara ikikataa? Akacheka. "Basi nitakuwa nimeshindwa mimi. Sasa hivi nashindwa na karatasi."

Msomaji apime kauli hiyo dhidi ya hoja niliyoanza nayo. Tunaambiwa asiye na ajira anataka kulipwa akae. Mtu huyu anaikataa posho ya kukaa kwa sababu anataka mtaji wa kufanya kazi. Nimezungumza na wengi wa aina yake, madereva, wahudumu wa hoteli, wasimamizi wa maghala, na malalamiko yao yanafanana kwa namna ya ajabu. Ni wachache mno waliosema kwamba miezi sita haitoshi kupumzika. Wengi walitaka fedha yao iwe bodaboda, iwe cherehani, iwe mtaji wa duka la vipuri. Ukosefu wa ajira kwao ni wakati wa kujiajiri, na sheria imekuja kuwapa kitu walichokuwa hawajakiomba.

Hata hivyo, sikubaliani na jirani yangu kikamilifu, na nilimwambia hivyo. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mtu wa mikataba ya miaka miwili miwili, akichukua kila kitu kila mkataba unapokwisha, hatafika miezi 180 hata akifanya kazi hadi nywele ziote mvi. Kila mara anaanza upya kutoka sifuri. Na fedha ya mkupuo ina maadui wengi: kuna ada ya mtoto, kuna msiba wa kijijini, kuna deni la kikoba, kuna ndugu aliyesikia kwamba umelipwa. Nimewaona wazee waliojitoa mara tatu katika ujana wao, na leo wanaishi kwa kutegemea watoto ambao nao hawana ajira. Waliotunga sheria ya 2018 walikuwa na hoja ya kweli. Kosa lao, kwa mtazamo wangu, ni kuilinda kesho ya mtu kwa kuifunga leo yake yote, kana kwamba mtu anaweza kufika miaka 60 bila kuipita miaka 32.

Kuna sharti moja katika yale niliyoyataja ambalo linanisumbua kuliko mengine yote, nalo ni lile la kuacha kazi kwa hiari. Kwenye karatasi lina mantiki: bima hulipa janga, na anayejiuzulu amechagua. Lakini neno hiari katika soko letu la ajira ni neno la kutiliwa shaka. Mwanafunzi wangu wa zamani, binti mchapakazi kweli kweli, aliitwa ofisini na mwajiri wake akaambiwa kampuni inapunguza watu, na kwamba ingekuwa vyema kwake aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi ili jina lake libaki safi na apewe barua nzuri ya utambulisho. Aliandika. Nani asingeandika, akiwa na miaka 27, akiwa na kodi ya nyumba inayokaribia kwisha? Alipokwenda kudai fao, barua yake mwenyewe ndiyo iliyotumika kumkatalia. Kwa saini moja mwajiri alikwepa gharama za kupunguza wafanyakazi, na mfuko ukaepuka kulipa. Aliyebaki na hasara ni yeye peke yake.

Sheria zetu za kazi zinatambua kwamba kuna kujiuzulu kwa kulazimishwa, na kwamba huko ni kuachishwa kazi. Mfanyakazi anaweza kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini ana siku 30 tu tangu ajira ikome, na binti huyu alizitumia siku hizo akitafuta kazi nyingine, kama vile jamii inavyomtaka afanye. Bidii yake ya kutafuta kazi ndiyo iliyomnyima haki yake ya kukosa kazi. Ninawasihi wanafunzi wangu wote: msiandike barua hiyo kabla ya kuzungumza na mtu anayeijua sheria, hata ikibidi kuomba usiku mmoja wa kufikiri.

Turudi kwenye uvivu. Je, ni kweli kwamba posho huua hamu ya kazi? Swali hili si geni, na si letu peke yetu. Uingereza ilipoanzisha bima ya kukosa kazi kwa sheria ya mwaka 1911, malipo yalikuwa shilingi saba kwa wiki, kwa wiki zisizozidi 15 katika mwaka, tena kwa sekta chache kama ujenzi wa meli na uhandisi. Katika miaka ya 1920, wasio na kazi walipokuwa wengi, serikali ikaweka sharti kwamba kila anayelipwa athibitishe kuwa anatafuta kazi kwa dhati. Watu wakazunguka kwenye milango ya viwanda ambavyo kila mtu alijua havina nafasi, ili tu wapate ushahidi wa kuzunguka. Sharti hilo lilifutwa mwaka 1930, baada ya kuwanyima fao maelfu ya watu bila kuongeza nafasi hata moja ya kazi.

Finland ilifanya jaribio la aina yake mwaka 2017 na 2018. Watu 2,000 wasio na kazi walilipwa euro 560 kwa mwezi bila sharti lolote, na mtu akipata kazi hakunyang'anywa fedha hiyo. Wakalinganishwa na wenzao waliokuwa kwenye utaratibu wa kawaida. Katika mwaka uliopimwa, waliopewa walifanya kazi wastani wa siku 78, na wenzao siku 73. Tofauti ni ndogo, wala sitaitumia kudai kwamba fedha huleta kazi. Ninachosema ni kwamba ule uvivu uliotabiriwa haukuonekana. Kilichoonekana ni watu wenye wasiwasi mdogo zaidi na imani kubwa zaidi kwa wenzao na kwa taasisi za nchi yao.

Lakini utafiti ninaoupenda zaidi, na ambao huwapa wanafunzi wangu kuusoma, ni wa kijiji cha Marienthal huko Austria. Kiwanda cha nguo kilichokuwa uti wa mgongo wa kijiji kilifungwa, na sehemu kubwa ya familia 478 ikabaki bila kipato cha kazi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakawachunguza, wakachapisha kitabu chao mwaka 1933. Wengi walitarajia kwamba wafanyakazi waliopata muda mwingi wangesoma zaidi na kushiriki siasa zaidi. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua karibu kwa nusu. Watafiti walisimama dirishani wakiwa na saa mkononi, wakaona kwamba wanaume walitembea polepole barabarani na kusimama mara kwa mara bila sababu, na wakiulizwa wameitumiaje siku yao hawakuweza kuieleza. Wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaachisha, hawakuwa na mwendo huo.

Huo mwendo ninaujua. Ninauona kwa wahitimu wanaorudi chuoni kuchukua vyeti vyao mwaka mmoja au miwili baada ya kumaliza. Mzazi nyumbani huuita uvivu, na afisa wa wilaya huuita kukosa uzalendo. Watafiti wale waliuita uchovu wa kukosa matumaini, nami sijapata jina bora zaidi.

Kuna jambo jingine kutoka Marienthal ambalo maofisa wa mifuko yetu wangelitafakari. Wapo waliopoteza posho zao kwa sababu walionekana wakifanya kitu kidogo: mmoja alisaidia kukata miti akapewa kuni. Matokeo yake watu waliogopa hata kujishughulisha. Sisi tunamtaka mwanachama athibitishe kwamba hana ajira nyingine. Sawa. Lakini mama aliyeachishwa kazi hotelini, akaanza kuuza juisi nje ya nyumba yake, ana ajira au hana? Nimesikia majibu tofauti kwa watu tofauti. Mahali ambapo jibu halieleweki, mwananchi mwaminifu huumia na mjanja hupona.

Na haya yote ni kwa wale waliobahatika kuajiriwa. Mhitimu ambaye hajawahi kuchangia hata mwezi mmoja hana fao la kudai, kwa kuwa kwa sheria hajapoteza kitu. Ndivyo alivyo pia kibarua wa kubeba zege, na ndivyo alivyo dada wa kazi za ndani ambaye mwajiri wake hajawahi kumwandikisha. Kwao tunayo mahubiri tu: wasichague kazi. Ni kweli vyuo vyetu vimewalea baadhi yao katika kuidharau kazi ya mikono, na hilo tunapaswa kulisema. Lakini kijana anayekataa "kujitolea" miezi tisa bila malipo, huku akijilipia nauli ya shilingi 2,000 kwa siku, hachagui kazi. Amepiga hesabu.

Ningekuwa na nafasi ya kushauri, ningeanza na yaliyo karibu. Aliyeandika barua ya kuacha kazi apewe haki ya kusikilizwa na mfuko wenyewe kabla ya kukataliwa, na mwajiri aulizwe maswali. Mwanachama aliyekaa miezi sita bila ajira aruhusiwe kuchagua kuchukua sehemu ya michango yake, tuseme robo au theluthi, iwe mtaji, na iliyobaki ilindwe kwa ajili ya uzee. Kwa njia hiyo jirani yangu angepata mashine yake na pia asingeanza upya kuhesabu miezi 180. Kiwango cha asilimia 33.3 nacho kitazamwe upya. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unataja asilimia 45 kuwa kima cha chini cha fao la aina hii, na Mauritius, taifa la Kiafrika kama letu, ilipoanzisha mpango wake mwaka 2009 iliamua kulipa asilimia 90 kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha 60, kisha 30, hadi mwaka mmoja ukamilike. Sisemi tuige tarakimu hizo. Uchumi wetu na wao haulingani. Lakini mantiki yake ni nzuri: mtu aliyeanguka jana anahitaji msaada mkubwa leo, wakati bado ana nguvu ya kusimama.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, hasa mnaokaa madirishani, nina ombi lisilohitaji marekebisho ya sheria wala bajeti. Mwanachama akija na barua ya kuacha kazi, kabla hamjagonga muhuri wa kukataa, muulizeni swali moja: ni nani aliyekwambia uiandike? Kisha andikeni jibu lake kwenye faili.